Data Inayoizidi Programu Umri: Hoja ya Lugha Dumifu na Uakisi wa Lugha

Kila baada ya miaka michache hutokea zana mpya inayoahidi kwamba mwandishi wa programu hatahangaika tena na kuhifadhi data: aandike programu yake tu, mengine yatajihifadhi yenyewe. Zana hupokelewa kwa shangwe, hutumika, kisha huanza kulalamikiwa. Wapo wanaosema tatizo lilikwisha zilipokuja hifadhidata za SQL. Wengine wanasema lilikwisha zilipokuja maktaba za kuunganisha objekti na majedwali, kama Hibernate. Wengine wanaona kwamba kuandika objekti nzima kwenye faili kwa mkupuo, kazi ambayo Java na Python huifanya kwa mistari michache, ndio udumifu wenyewe, yaani data kuendelea kuishi baada ya programu kusimama. Na uakisi, yaani programu kujichunguza au kuandika programu nyingine, ukitajwa, wengi hufikiria ile maktaba ya Java ya kuuliza klasi fulani ina sehemu gani na prosija gani.

Fikra hizi zote zinagusa ukingo wa jambo bila kuliingia. Dai la asili lilitoka Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1980, na lilikuwa kali kuliko lolote kati ya haya: kwamba umri wa data haupaswi kuonekana kabisa ndani ya programu, na kwamba programu inaweza kuandika programu nyingine bila kuvunja ukaguzi wa aina za data. Nusu ya kwanza ya dai hilo ilishindwa sokoni. Nusu ya pili imeenea kila mahali, mara nyingi mikononi mwa watu wasiojua kwamba wanaitumia, na wakiitumia bila ule usalama uliokuwa kiini chake.

Dunia mbili za data

Programu inapoendeshwa, data yake hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa umbo ambalo lugha inalielewa: rekodi, orodha, miti, na vielekezi vinavyounganisha kimoja na kingine. Programu ikisimama, vyote hupotea. Kinachotakiwa kubaki lazima kipelekwe kwenye faili au hifadhidata, na huko kuna sheria nyingine.

Hakuna aliyekaa akapanga mgawanyiko huu. Ulitokana na mashine: kumbukumbu ilikuwa ndogo, ghali na ya haraka; diski ilikuwa kubwa, nafuu na ya polepole. Baadaye ukageuka kuwa mgawanyiko wa taaluma. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza muundo wa kimahusiano, ambamo data yote hupangwa katika majedwali, na miaka iliyofuata watafiti wa hifadhidata wakawa na mikutano yao, istilahi zao na aina zao za data. Waliobuni lugha za programu nao wakashika njia yao. Hifadhidata ikawa na majedwali pasipo vielekezi, lugha ikawa na vielekezi pasipo majedwali. Aliyebaki katikati ni mwandishi wa programu, akifanya kazi ya mchuuzi anayepakia bidhaa zote kwenye magunia kila jioni na kuzipanga upya mezani kila asubuhi, akitumaini hakuna kilichopotea njiani.

Makala ya mwaka 1983 ya Malcolm Atkinson, Ron Morrison na wenzao ilitaja makadirio kwamba karibu asilimia 30 ya msimbo wa programu za kawaida ilihusika na uhamishaji huo tu. Takwimu hiyo imenukuliwa mno tangu wakati huo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa iko pale mpakani. Kompaila hukagua kwa makini kwamba umri ni namba na jina ni maandishi, lakini data ikivuka kwenda kwenye faili inakuwa baiti tupu. Ikirudi, programu inaambiwa hii ni rekodi ya mteja, nayo inaamini tu. Ukaguzi wote uliofanywa ndani ya lugha unaishia hapo, yaani mahali ambapo data inakaa muda mrefu zaidi na kuguswa na watu wengi zaidi.

Kuna pia suala la utambulisho. Wateja wawili wanaoishi nyumba moja, kwenye kumbukumbu wote huelekeza kwenye rekodi moja ya anwani. Ikibadilishwa, imebadilika kwa wote wawili. Waandike wateja hao kwenye faili mbili tofauti kisha uwasome tena. Sasa kuna anwani mbili, na hakuna kitu ndani ya mfumo kinachojua kwamba zilikuwa moja. Hii ndiyo sababu kuandika objekti kwenye faili kwa mkupuo si udumifu. Ni kunakili.

Dai kutoka Scotland

Jibu la vyuo vikuu vya Edinburgh na St Andrews lilikuwa PS-algol. Watafiti walichukua S-algol, lugha ya Morrison iliyokwisha kuwepo, na badala ya kubuni lugha mpya walijitahidi kutoigusa. Waliongeza prosija chache za kufungua hifadhi na kuthibitisha mabadiliko. Mengine yote yakaachwa kwa mfumo unaoendesha programu: kielekezi kikielekea kwenye kitu kilichoko diski, mfumo unakileta kwenye kumbukumbu wenyewe, na mwandishi hajui wala hahitaji kujua.

Kanuni tatu zilizotokana na kazi hiyo ziliandikwa kwa ukamilifu na Atkinson na Morrison mwaka 1995. Ya kwanza: msimbo unaoshughulikia data haubadiliki kwa sababu data hiyo itaishi sekunde moja au miaka kumi. Ya pili: kila aina ya data ina haki sawa ya kudumu. Ya tatu: kinachodumu hutambulika kwa kufikika, kuna mzizi mmoja wa hifadhi, na chochote kinachoweza kufikiwa kwa kufuata vielekezi kutoka kwenye mzizi huo hubaki, na kisichofikika ni taka.

Kanuni ya pili ndiyo yenye meno. Ikiwa lugha inachukulia prosija kuwa thamani kama namba au orodha, basi prosija nayo ina haki ya kudumu. Hifadhi inakuwa na data na programu pamoja, zikielekezana. Maktaba si faili tena, ni vitu ndani ya hifadhi. Kompaila yenyewe ni prosija nyingine iliyokaa humo, na programu yoyote inaweza kuiita.

Kilele cha mawazo haya kilikuwa Napier88, iliyotengenezwa St Andrews na kupewa jina la John Napier, mwanahisabati Mskoti aliyechapisha logarithimu mwaka 1614 na ambaye aliwahi kusoma hapo hapo. Humo karibu kila thamani ilikaguliwa aina yake kabla programu haijaendeshwa, isipokuwa mahali maalumu ambapo mwandishi alitaka ukaguzi usubiri. Mahali hapo palitumia aina iitwayo any: sanduku linalobeba thamani pamoja na maelezo ya aina yake, ambalo halifunguki mpaka mtu ataje aina anayoitarajia na mfumo uthibitishe kwamba ndiyo.

Programu inayoandika programu

Hapa ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu udumifu na uakisi huonekana kama mada mbili zilizowekwa pamoja kwa bahati. Uhusiano wao ni wa sababu na matokeo. Data ikishakuwa na umri mrefu kuliko programu, kila programu itakutana siku moja na data ya aina ambayo haikuwepo ilipoandikwa.

Chukua kifaa cha kuvinjari hifadhi, kinachomwonyesha mtumiaji kila kilichomo. Mwandishi wake hawezi kujua aina ambazo wengine watabuni mwaka ujao. Mwaka 1988 Alan Dearle na Fred Brown walieleza suluhisho walilolijenga katika PS-algol: kifaa kikikutana na kitu cha aina ambayo hakiijui, kinasoma maelezo ya aina hiyo, kinaandika msimbo wa prosija ya kuionyesha, kinaiita kompaila, kisha kinaitumia prosija iliyotoka. Prosija hiyo inawekwa kwenye hifadhi, na kitu kingine cha aina ileile kikitokea, haiandikwi tena. Udumifu ndio ulioleta tatizo, na udumifu huohuo ukapunguza gharama ya kulitatua.

Mfano unaopendwa na watafiti hawa ni muungano asilia wa majedwali. Tuseme kuna jedwali la wanachama lenye namba, jina na tawi, na jedwali la mikopo lenye namba, kiasi na tarehe. Muungano wake unaoanisha mistari yenye namba sawa na kutoa jedwali lenye namba, jina, tawi, kiasi na tarehe. Kwa majedwali mengine mawili, matokeo yana umbo jingine kabisa. Sasa jaribu kuandika prosija moja ya muungano kwa majedwali yote ya dunia. Lugha zenye aina za jumla haziwezi kirahisi, kwa sababu ujumla wake unategemea kutoangalia ndani ya aina. Muungano unahitaji hasa kuangalia ndani, kuona ni safu zipi zina majina yanayofanana.

Njia zilizopo ni chache. Unaweza kuijenga operesheni hiyo ndani ya lugha, kama SQL ilivyofanya, lakini siku ukihitaji operesheni nyingine ya namna hiyo huna pa kwenda. Unaweza kuandika prosija kwa mkono kwa kila jozi ya majedwali. Unaweza kuacha ukaguzi wa aina na kubeba kila kitu kama thamani zisizojulikana, makosa yajitokeze yatakapojitokeza. Au unaweza kuandika jenereta: prosija inayopokea maelezo ya aina mbili na kutoa msimbo wa muungano unaozihusu hizo tu, msimbo unaopitia kompaila kama mwingine wowote kabla haujaguswa na data.

Njia hii ya nne ndiyo uakisi wa lugha wenye usalama wa aina. Tofauti yake na ile maktaba ya Java si ndogo. Maktaba ile huruhusu programu kujitazama na kuita prosija kwa jina, huku ukaguzi ukirudiwa kila inapoitwa na jibu likirudi kama objekti isiyo na aina mahususi. Uakisi wa lugha hutoa programu mpya iliyokaguliwa mara moja, ambayo baada ya hapo hukimbia kwa kasi ileile ya programu iliyoandikwa na binadamu.

Ukaguzi unafanyika lini

Je, "usalama" huo unahakikisha nini hasa? Jambo hili husemwa kwa haraka mno, hata na wanaolitetea. Unahakikisha kwamba hakuna msimbo wenye kosa la aina utakaoendeshwa. Hauhakikishi kwamba jenereta haiwezi kuandika msimbo mbovu. Jenereta ya Napier88 huunganisha vipande vya maandishi, na kosa ndani yake halionekani mpaka siku itakapopewa aina inayoliibua. Siku hiyo kompaila inakataa, data inasalimika, lakini mtumiaji amekwama.

TRPL, lugha iliyohusishwa na Tim Sheard na wenzake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, ilisogeza kazi nzima nyuma: jenereta hufanya kazi wakati programu inakompailiwa, kwa hiyo makosa yake yanamfikia mwandishi badala ya mtumiaji. Gharama yake ni kwamba jenereta inaona tu aina zinazojulikana wakati huo. Kile kifaa cha kuvinjari hakiwezekani kwa njia hiyo.

Miaka michache baadaye Sheard huyohuyo, pamoja na Walid Taha, alitoa MetaML, ambamo jenereta yenyewe hukaguliwa na kuthibitishwa kwamba kila itakachowahi kuandika kitakuwa sahihi kiaina. Hilo linaonekana kuwa ushindi kamili, mpaka mtu aulize kuhusu muungano asilia: ili kupata uthibitisho huo, jenereta inanyimwa uhuru wa kuchungua aina na kuamua umbo la matokeo kutokana nazo. Kisha mwaka 2002, katika Template Haskell, Sheard na Simon Peyton Jones wakarudi nyuma hatua moja: jenereta iwe huru kuchungua, na kila kinachotoka kikaguliwe baada ya kuandikwa. Mtu mmoja, ndani ya miaka kama kumi na tano, alipita kwenye mizani hii kwenda na kurudi. Uhakika wa mapema na uwezo wa kuangalia ndani ya aina vinavutana, na hakuna aliyevipata vyote kwa ukamilifu.

St Andrews walikuwa na wazo jingine linalostahili kutajwa, ingawa halikuenda mbali: programu ambayo ndani ya matini yake kuna viungo vya moja kwa moja kwenda kwenye vitu vilivyomo hifadhini. Badala ya kuandika jina la jedwali na kutumaini kwamba litakuwepo programu itakapoendeshwa, mwandishi analichagua jedwali lenyewe na kulipachika kwenye msimbo. Kiungo kikishakubalika, hakiwezi kuvunjika, kwa kuwa kanuni ya kufikika inazuia kitu hicho kufutwa. Lakini msimbo wa namna hiyo hauchapiki wote kwenye karatasi, hautumwi kwa barua pepe, wala haulinganishwi toleo kwa toleo kwa zana za kawaida. Waandishi wa programu wanapenda matini tupu kuliko wanavyokiri.

Hoja za wenye majedwali

Upande wa pili haukuwa wa watu wasioelewa. Hoja yao ya msingi ni kwamba data ni ya taasisi, haipaswi kuwa mateka wa programu yoyote. Rekodi za mishahara zitasomwa na programu ya COBOL leo, ya Java kesho, na kesho kutwa na mkaguzi ambaye hajawahi kuandika programu. Jedwali linamhudumia kila mmoja wao. Hifadhi ya Napier88 inamhudumia anayejua Napier88.

Zaidi ya hapo, kielekezi hufungia njia ya kuifikia data. Ukipanga wateja wakielekeza kwenye mikopo yao, swali la "mikopo yote ya mwezi uliopita" linakulazimu kupita kwa kila mteja. Muundo wa kimahusiano unamwachia mfumo uamue njia, na miongo kadhaa ya kazi kwenye hifadhidata imeufanya mfumo huo kuwa hodari kuliko waandishi wengi wa programu. Ruhusa za watumiaji, miamala ya wengi kwa wakati mmoja, nakala za dharura: yote haya yalikomaa huko mapema.

Udhaifu wa upande huu ni ule mpaka. Wanaoandika programu zinazotumia SQL huunganisha vipande vya maandishi kuwa amri na kuzituma kwa mfumo uziendeshe. Huo ni uakisi wa lugha, usio na usalama wowote: programu inaandika programu nyingine, na hakuna kompaila inayoitazama kabla ya kukutana na data. Mashambulizi ya kupenyeza amri za SQL kupitia fomu za tovuti ni matokeo ya moja kwa moja. Mtu anajaza kisanduku cha jina, na alichoandika kinageuka kuwa sehemu ya programu. Amri zilizotayarishwa zenye nafasi za thamani hufunga sehemu kubwa ya mlango huo, kwa sababu zinatenganisha msimbo na data kabla ya kukutana.

Njia za kati zimejaribiwa. Hifadhidata za objekti, kama GemStone iliyotokana na Smalltalk na O2 ya Ufaransa, zilikuwa na tamko lao mwaka 1989, na Atkinson alikuwa miongoni mwa waliolitia saini. Mwaka uliofuata Michael Stonebraker na wenzake wakajibu kwa tamko la upande wa majedwali. Soko likaamua kwa kiasi kikubwa upande wa Stonebraker. Maktaba za aina ya Hibernate, iliyoanza mwaka 2001, zilikubali matokeo hayo na kujaribu kuuficha mpaka badala ya kuuondoa. Zinafanya kazi vizuri mpaka siku mstari mmoja wa msimbo unaoonekana kusoma sehemu ya objekti unapotuma maswali elfu moja kwenye hifadhidata.

Java ilipoijaribu nadharia

Jaribio kubwa la mwisho la udumifu kamili lilikuwa PJama. Atkinson, aliyekuwa amehamia Chuo Kikuu cha Glasgow, alishirikiana na maabara za kampuni ya Sun Microsystems kuanzia mwaka 1995 kuipa Java udumifu bila kubadilisha lugha yenyewe. Nafasi ilikuwa ya kipekee: lugha mpya inayoenea haraka, yenye ukaguzi wa aina na ukusanyaji taka, chini ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki.

Ushirikiano ulikoma mwaka 2000 pasipo bidhaa, na sababu zinafundisha zaidi kuliko mafanikio ya awali. Ili kuleta vitu kutoka diski bila programu kujua, ilibidi mashine pepe ya Java ibadilishwe kwa ndani. Wakati huohuo Sun ilikuwa ikitoa matoleo mapya ya mashine pepe yenye kasi zaidi, na timu ya utafiti ikawa inakimbiza gari linaloongeza mwendo. Pili, kanuni ya haki sawa kwa aina zote iligongana na Java halisi: kuna objekti zinazowakilisha vitu vilivyo nje ya programu, kama dirisha la skrini, muunganisho wa mtandao, au uzi wa utendaji uliosimama katikati ya kazi. Muunganisho wa mtandao uliohifadhiwa jana haupo leo, hata objekti yake irudi nzima. PS-algol na Napier88 zilikuwa ndani ya ulimwengu uliofungwa, waandishi wake wakimiliki kila kitu humo. Java ilikuwa na milango mingi mno.

Sababu ya tatu ilikuwa ya kibiashara. Wateja wa Sun walikuwa tayari na hifadhidata za Oracle na IBM, na walichotaka ni kuzifikia, si kuziacha.

Mzigo wa mabadiliko

Yote hayo ni ya kihandisi, na pengine yangetatulika. Lililo gumu zaidi ni la ndani ya nadharia yenyewe. Programu hubadilika. Kwenye programu ya kawaida, ukibadilisha aina ya rekodi unakompaili upya na kuanza mwanzo. Kwenye lugha dumifu hakuna mwanzo: hifadhi ina rekodi milioni za aina ya zamani, pamoja na prosija zilizokaguliwa kwa kuiamini aina hiyo. Ukaguzi thabiti wa aina, ambao ndio fahari ya mfumo, unageuka kuwa ukuta. Hakuna kinachoruhusiwa kubadilika isipokuwa kila kinachokitegemea kibadilike pamoja nacho.

Uakisi ulitolewa kama jibu hapa pia: jenereta isome aina ya zamani na mpya, iandike programu ya kugeuza data, na iiendeshe ndani ya muamala mmoja. Kwa mabadiliko ya umbo, jibu hilo ni zuri. Lakini mabadiliko mengi hayatokani na umbo pekee, na hakuna jenereta inayoweza kubuni thamani ya safu mpya ambayo watu hawajaamua maana yake.

Hifadhidata za kimahusiano zina tatizo hilohilo, kwa kiwango kidogo: kuongeza safu kwenye jedwali hakuvunji programu ambazo haziitaji. Uhusiano uliolegea kati ya data na msimbo, ambao watafiti wa Scotland waliuona kama kasoro, ndio unaoruhusu pande mbili kubadilika kwa nyakati tofauti.

Yaliyosalia

Mashine ya System/38, iliyotangazwa na IBM mwaka 1978, ilikuwa na nafasi moja ya anwani inayojumuisha kumbukumbu na diski, na uzao wake, AS/400 na sasa IBM i, bado unaendesha biashara nyingi. Kwa hiyo madai kwamba udumifu kwenye kiini cha mfumo ni ndoto ya kitaaluma si kweli. Lakini programu nyingi za mashine hizo, zilizoandikwa kwa RPG na COBOL, hutumia hifadhidata ya majedwali iliyojengwa juu ya nafasi hiyo. Msingi ni dumifu, lugha siyo.

Kwa upande wa vifaa, Intel na Micron walitangaza mwaka 2015 teknolojia ya kumbukumbu isiyopoteza data umeme ukikatika, na Intel ikaiuza kwa jina la Optane. Wengi, nami miongoni mwao, waliona kwamba sasa sababu ya asili ya mgawanyiko imeondoka. Mwaka 2022 Intel ilitangaza kuisitisha. Mgawanyiko ulikuwa umeshajijengea sababu nyingine, zile za taasisi na lugha nyingi, ambazo chipu haizigusi.

Mahali ambapo udumifu ndani ya lugha umerudi kwa nguvu ni kwenye mikataba ya kidijitali. Katika Solidity, lugha ya Ethereum, vigeu vya mkataba hudumu bila mwandishi kufungua faili wala hifadhidata, ingawa kila uandishi una bei inayolipwa na mtumiaji. Motoko, lugha ya mtandao wa Internet Computer uliozinduliwa mwaka 2021, inataja waziwazi kanuni za udumifu kamili kama msingi wake. Na zote mbili zimegonga ukuta uleule. Msimbo wa mkataba wa Ethereum haubadiliki baada ya kuwekwa, kwa hiyo watu hubuni mikataba ya mbele inayoelekeza kwenye mikataba ya nyuma, na mpangilio wa vigeu ukihitilafiana kati ya matoleo, thamani moja husomwa kama nyingine. Motoko imejifunza zaidi: toleo jipya linapowekwa, aina za vigeu vinavyodumu hulinganishwa na za zamani, na zisipooana toleo linakataliwa.

Uakisi umeenea kwa njia tofauti. Microsoft ilipoiweka LINQ ndani ya C# mwaka 2007, swali la hifadhidata liliandikwa kama sehemu ya lugha, likakaguliwa aina na kompaila, kisha likageuzwa kuwa SQL programu inapoendeshwa. Watu wa St Andrews wangelitambua mara moja, ingawa mwelekeo wake ni wa kinyume: badala ya kuileta data ndani ya lugha, lugha inatuma programu ndogo kwenda kwenye data.

Mizani

Hoja ya kwamba lugha dumifu zilishindwa kwa sababu zilikuwa za polepole haina uzito mkubwa, kasi ingepatikana. Zilishindwa kwa sababu zilidai kumiliki data, wakati data yenye thamani zaidi ni ile isiyomilikiwa na programu moja. Palipo na programu moja, timu moja na data yenye vielekezi vingi, kama michoro ya uhandisi, uigaji wa kisayansi au hali ya mkataba wa kidijitali, udumifu ndani ya lugha bado ni chaguo bora, na kumlazimisha mwandishi kupita kwenye majedwali ni kumtesa bure. Kwa leja ya benki au rekodi za hospitali, majedwali yanashinda, na ninaona yataendelea kushinda.

Kwa uakisi, hesabu ni nyingine. Hakuna hali ambayo kuunganisha vipande vya maandishi visivyokaguliwa ndiyo njia bora. Ni njia rahisi tu. Aina zikijulikana mapema, jenereta ifanye kazi wakati wa kukompaili, ili makosa yamfikie aliyeyafanya. Zisipojulikana, njia ya Napier88, yaani kompaila kama prosija ya kawaida na jibu kwenye sanduku lililofungwa, bado haijapata mbadala ulio safi zaidi. Lugha nyingi za leo zina kompaila ndani ya mfumo wake na hazitoi njia ya namna hiyo, na hilo ni pengo lisilo na sababu ya kiufundi.

Kuhusu mabadiliko, ukaguzi wa Motoko unaonyesha mahali ambapo nadharia imefika na mahali inapokomea. Toleo jipya likiondoa sehemu ya rekodi au kugeuza namba kuwa maandishi, linazuiwa. Likibadilisha kiasi kutoka shilingi kwenda senti, aina ni ileile, namba ni namba, na toleo linapita bila onyo lolote.